Kamina: magazeti yako kwenye intaneti, lakini mlango wake ni maktaba ya chuo

Chukua mfano wa mwanafunzi wa historia huko Kamina, mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami, anayeandika memwari juu ya mwaka 1960. Mji wake wenyewe umo ndani ya habari hiyo. Katanga ilipotangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, wanajeshi wa Ubelgiji walikuwa bado kwenye kambi ya Kamina, na Waluba wengi wa kaskazini, wakiongozwa na chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, waliupinga uamuzi wa Moïse Tshombe. Magazeti ya siku zile yaliandika mengi juu ya mambo hayo. Je, mwanafunzi huyo atayasomea wapi?

Kwa simu yake hafiki mbali. Gazeti la Le Monde la Ufaransa limeweka kwenye tovuti yake habari zake zote tangu Desemba 1944, lakini hizo ni za wanaolipa kila mwezi, tena kwa kadi ya benki. Wanafunzi wengi hawana kadi hiyo. Wananunua mega kidogo kidogo, na mega zikiisha, kusoma nako kumekwisha. Kinachobaki bure ni tovuti chache kama ya Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, pamoja na ujumbe wa WhatsApp usiojulikana umetoka kwa nani.

Maktaba inalipa, wote wanasoma

Katika nchi nyingi tatizo hili limetatuliwa na maktaba za vyuo vikuu. Maktaba inalipa mara moja kwa niaba ya wote. Tovuti ya magazeti inautambua mtandao wa chuo, au mwanafunzi anaingia kwa neno la siri hata akiwa nyumbani. Mfukoni mwake hakitoki kitu.

Kongo pia ina nafasi yake. Mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, unaiweka Kongo katika kundi A, yaani nchi ambazo vyuo vyake havilipi chochote. Lakini lazima chuo kijiandikishe, na mtu wa maktaba atunze neno la siri na kuwaonyesha wengine namna ya kutafuta. Mtu huyo asipokuwepo, hicho cha bure hakimfikii mwanafunzi.

Tena mpango huo ni wa majarida ya kisayansi, si wa magazeti ya kila siku. Kwa magazeti ya zamani kuna Gallica, ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, inayosomwa bure. BelgicaPress ya Ubelgiji pia inafungua bure magazeti yake ya zamani zaidi, ila ya miaka ya karibuni yanasomwa ndani ya maktaba yenyewe, mjini Brussels.

Na magazeti ya Katanga?

Hapa ndipo penye shida kubwa. L'Essor du Congo lilichapishwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na mwaka 1960 likaitwa L'Essor du Katanga. Hata chuo kikilipia magazeti ya Paris, sauti ya Katanga haitakuwemo. Mwanafunzi wa Kamina ataisoma historia ya mji wake kwa macho ya watu wa mbali.

Njia ipo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofunguliwa mwaka 1956, kiko karibu kilomita 600 kwa reli kutoka Kamina. Kurasa za magazeti zikipigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta za maktaba, zinaweza kusafiri kwa diski na kusomwa Kamina bila mega hata moja.

Intaneti yenyewe inasogea: Mei 2025 serikali iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini. Lakini mtandao wa haraka haulipii gazeti wala haumfundishi mtu kutafuta. Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Kwa mwanafunzi wa Kamina, haki hiyo inategemea mambo mawili madogo: fungu la maktaba katika bajeti ya chuo, na mtu mmoja aliyefundishwa kazi hiyo.