Piga Hodi Kwanza

Bodaboda ikianguka hapa steji ya Shanzu, hesabu simu zitakazochomolewa mifukoni, kisha hesabu mikono itakayomwinua majeruhi. Simu zitashinda. Dakika mbili hazijaisha picha iko kwenye grupu la mtaa, damu na uso wote waonekana, na chini yake mtu kaandika "poleni wahusika". Mhusika mwenyewe, mama mzazi, yuko sokoni Mtwapa anachagua nyanya. Ataipata papo hapo, kikapu mkono mmoja, simu mkono wa pili.

Zamani habari ya msiba haikutupwa hivi. Alitafutwa mtu mzima, akaenda, akabisha hodi, akaketi, akaitikia salamu, ndipo akasema. Leo mjumbe ni kijana wa kidato cha tatu mwenye bando la shilingi ishirini, na furaha yake ni kuwa yeye ndiye wa kwanza kutuma.

Visingizio vya wanaosambaza picha, za ajali na hata za uchi, tumevisikia hadi vimetuchosha. "Nilitumiwa tu." "Si mimi niliyepiga." "Mbona iko kila mahali?" Mtu aliyekutwa na mbuzi wa wizi haponi kwa kusema kaletewa tu, na hatuoni kwa nini apone aliyekutwa akigawa uchi wa mwenzake. Sheria nayo haioni sababu: sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018 imeweka faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, kwa anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine.

Lakini tusijifiche nyuma ya picha za uchi, kana kwamba nyingine zote ni halali. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Roma School faini ya shilingi 4,550,000. Shule hiyo ilichapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Klabu ya Casa Vera ya Nairobi ikatozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuja kustarehe, hakuulizwa, akajikuta mtandaoni. Hakuna aliyetukanwa hapo wala kuibiwa. Kosa lilikuwa kutouliza. Faini za zaidi ya milioni sita zilitozwa kwa sababu watu wazima walishindwa kusema "samahani, naomba kuiweka picha hii".

Sasa tazama stetasi zetu wenyewe. Mtoto kavaa sweta lenye jina la shule, kashika cheti, na mama kaandika darasa lake, umri wake na steji anayoshukia. Mwaka 2006 UNICEF na serikali walitoa ripoti iliyoanika jinsi watoto wa pwani hii wanavyonunuliwa kwa ngono na wageni na wenyeji pia. Tangu hapo tumefanya mikutano mingapi hotelini kuhusu kulinda watoto? Kisha tunarudi nyumbani na kuwaelekeza watu tusiowajua hadi kwenye lango la shule. Cheti kipige picha, mama. Kipige peke yake.

Na hili la "mwizi huyu, sambaza" ndilo linalotutia hofu zaidi. Kisauni imeteswa na vijana wa mapanga, hakuna anayebisha, na kila uvumi ukizuka uso wa kijana fulani hurushwa kutoka grupu hadi grupu, bila tarehe, bila jina la aliyeanza. Pengine ni mhalifu kweli. Pengine alisimama dukani akinunua mkate. Mahakama iko hapa hapa Shanzu, ina hakimu, ina mashahidi, na mshtakiwa hupewa nafasi ya kujibu. Grupu halina hata kimoja, na mtaani mawe hayako mbali. Una ushahidi? Kituo cha polisi kinajulikana, nenda nao huko.

Dawa haihitaji semina wala mfadhili. Picha ina mwenyewe, muulize. Kama hawezi kuulizwa kwa kuwa kalala barabarani, basi jibu ni hapana, na simu hiyo itumike kumwitia gari la wagonjwa. Nao maadmini waache kujifanya wageni katika nyumba zao. Tangu 2022 WhatsApp imewapa uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, ukapotea kwa wote. Kitufe wanakijua. Wanajua pia kumtoa mtu aliyechelewesha mchango wa harusi, tena usiku wa manane.

Basi admini wa grupu la mtaa, ile picha ya bodaboda bado ipo. Ifute kabla yule mama hajamaliza kuchagua nyanya.