Kisu hiki kilikuwa cha nani?
Wiki iliyopita sokoni Bariadi niliona saa ya mkono, ile ya kutia ufunguo, ikiuzwa kwa bei ya kuku. Kioo kimechubuka, mkanda umekatika. Nikaikumbuka ya babu, aliyoinunua kwa fedha za pamba enzi za VFCU, ule muungano wa vyama vya ushirika ulioanzishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Mshale ukifika kwenye 7, babu alitangaza saa moja, na ole wako ubishe! Kisu chake cha kukunja, chenye mpini wa pembe, kilikata kamba ya ng'ombe, tumbaku na muwa bila kuoshwa (bibi aligeuza uso). Siku hizi kabatini tunatunza simu zilizokufa, na vitu kama hivi tunamuuzia mnunuzi wa chuma chakavu. Kule Bujora, Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yana hata nyumba ya mhunzi. Lakini makumbusho hayajui kisu chenu kilikuwa cha nani. Hilo analijua shangazi yako. Kamuulize mwezi huu, andika jina kwenye karatasi, uifunge na kisu kwa uzi.