Ua Ndilo Unga



Unapokuja ofisini kuuliza habari za mbegu ya mahindi, swali lako la kwanza huwa hili: "Itavunwa baada ya siku ngapi?" Ni swali jema, lakini mimi naona liko swali jingine linalopaswa kulitangulia: "Itachanua baada ya siku ngapi?" Nitakueleza sababu kwa kuanza na neno moja la Kiingereza.

Waingereza huita ua "flower", na unga huuita "flour". Ukiyasikia maneno hayo yakitamkwa ni vigumu kuyatofautisha, kwa sababu zamani yalikuwa neno moja. Lilitoka katika Kilatini, likapita katika Kifaransa, ndipo likaingia Kiingereza baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Watu walihesabu ua kuwa sehemu bora ya mmea. Basi unga laini uliokwisha kuchekechwa pumba wakauita ua la nafaka. Kwa miaka mingi maneno hayo yaliandikwa vilevile, na baadaye tu yakatenganishwa.

Wazee hao walikuwa wakisifu unga wao tu, lakini kwetu Kitui na Makueni neno lao ni kweli tupu: pasipo ua hapana unga.

Labda utasema, "Mahindi hayana maua." Yanayo, tena ya namna mbili. Mbelewele, yaani kile kishada cha juu, ni ua la kiume, nalo humwaga vumbi la manjano. Zile ndevu ni za ua la kike, na kila unywele mmoja huongoza kwenye punje moja. Unywele usiopata vumbi hautoi punje. Ndiyo maana wakati mwingine unavuna hindi lenye mapengo. Mahindi yakikosa maji siku hizo, ndevu huchelewa kutoka na vumbi huanguka bure. Mvua ikija baadaye haiwezi kurudisha punje ambayo haikutungwa.

Sasa tuhesabu. Mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Tuseme umepanda tarehe 25 Oktoba. Mbegu ya kuchanua kwa siku 55 itafikia wakati wake tarehe 19 Desemba, udongo ungali na unyevu. Mbegu ya siku 90 itaufikia tarehe 23 Januari, na jua la Januari walijua mwenyewe. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Katumani, karibu na Machakos, walitafuta mbegu inayochanua upesi, na mahindi yao yakaanza kuenea Ukambani katika miaka ya 1960. Wako wanaoyadharau kwa kuwa ni mafupi, wakatamani mahindi marefu ya nyanda za juu. Lakini shina refu lisilo na punje ni chakula cha ng'ombe. Mwenye shamba atakwenda dukani kununua unga kwa fedha za karo.

Kwa hiyo yafaa ufanye mambo matatu. Kwanza, uliza siku za kuchanua kabla hujatoa fedha yako. Pili, tayarisha shamba mapema ili mbegu iwe ardhini mvua inapoanza, maana kila siku unayochelewa kupanda huchelewesha ua pia. Tatu, tengeneza matuta yako ya fanya juu kabla ya msimu, ili maji ya Novemba yabaki ardhini yakingoje maua ya Desemba.

Tena weka daftari. Andika siku uliyopanda, siku ndevu zilipotoka, na siku ya mvua ya mwisho. Baada ya misimu michache daftari hilo litakuonyesha ni mbegu ipi inayofaa shamba lako, nawe utakuja ofisini ukiwa na la kutufundisha sisi.