Tulishinda Mjadala, Lakini Sikusema Yote

Wale waliokuwa ukumbini muhula uliopita watakumbuka mjadala wa chama chetu uliokuwa na hoja hii: "Familia kubwa ni baraka kuliko mzigo." Watakumbuka pia kwamba mimi ndiye niliyefungua upande wa kuunga mkono, kwamba tuliwabwaga wapinzani kwa kura nyingi, na kwamba vijana wa kidato cha tatu walinibeba juujuu hadi bwaloni kana kwamba nimefunga bao la fainali. Jioni hiyo mpishi aliniongezea ugali bila kuombwa, jambo ambalo halijatokea tena tangu hapo.

Leo nimeomba nafasi katika jarida letu nikiri. Sikusema uongo siku ile. Ila kuna jambo nililolijua vizuri nikaliruka makusudi, maana lingetuangusha.

Nianze na yale niliyosema, kwa kuwa bado nayaamini. Mimi ni wa saba katika watoto kumi. Nyumbani ni karibu na Kiminini, ukitoka Kitale kwenda Webuye, na kwa babu ni Bungoma, upande wa Chwele. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yalipoanza kugawanywa na kununuliwa, watu wengi wa Bungoma walipanda huko kutafuta ardhi, na babu alikuwa mmoja wao. Uzee ulipomjia alirudi Chwele akamwachia baba shamba. Sasa shamba la mahindi linataka mikono: Machi na Aprili kupanda, kisha kupalilia, na kuanzia Oktoba kuvuna na kupukuchua. Mwenye watoto kumi hana haja ya vibarua. Tena sisi ni waumini wa Kanisa la Marafiki, lile ambalo wamishenari wake Wamarekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na kwetu Zaburi ya 127, ile ya watoto na mishale, husomwa mara nyingi mpaka mzazi mwenye mtoto mmoja huisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Mpinzani wangu alikuja na takwimu. Alisema, na ni kweli, kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wapatao 8, na kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata 3.4. "Je," akauliza, "taifa zima limekataa baraka?" Ukumbi ukamshangilia. Nikasimama nikamwomba atueleze huyo mtoto wa nukta nne hulala upande gani wa kitanda. Hapo ndipo tulipoanza kushinda.

Nikaeleza maisha yetu. Wavulana sita kwenye vitanda viwili, wengine kichwa huku wengine kichwa kule, hata unajifunza kulala na mguu wa mwenzako mdomoni bila kununa. Sala ya chakula ya baba, ambayo hupitia mvua, serikali, wagonjwa na wasafiri kabla haijafika kwenye ugali. Anayefungua macho kuchungulia ni nani amenyofoa mboga hawezi kumshtaki mwizi, kwani baba atamuuliza, "Na wewe ulimwonaje?" Nilijua sheria ya ushahidi kabla sijajua kusoma. Nikasimulia pia Agosti ya 2018 tulipokuwa kwa babu. Kama mjuavyo, Wabukusu hutahiri miaka ya shufwa, na ingawa baba alikwisha amua kwamba wanawe watatahiriwa hospitalini kwa maombi, sisi wadogo tulisikia njuga za mtahiriwa zikipita barabarani, tukazifuata kijiji hadi kijiji mpaka giza likatukuta hatujui tuko wapi. Tulirudishwa kwa fimbo, lakini tamu ilikuwa tamu.

Na juu ya yote nikasimulia ile hadithi ya firigisi. Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mzee wa nyumba au ya mgeni wake, na siku hiyo mgeni alikuwa mhubiri. Sinia likaja, firigisi haipo. Baba akatupanga mstari akauliza ni nani. Kimya. Kisha mmoja akasema, "Ni mimi." Wa pili naye akasema, "Hapana, ni mimi." Wakafika saba. Mhubiri akacheka hadi akapangusa machozi, akasema hajapata kuona firigisi moja ikishibisha watu saba, na hakuna aliyechapwa. Nikamalizia kwa methali, "Mkono mmoja haulei mwana," nikaketi. Makofi yake mliyasikia wenyewe.

Basi sikilizeni sehemu niliyoikata. Yule wa kwanza kusema "ni mimi" alikuwa Dada, kifungua mimba wetu. Na firigisi ilipoliwa, Dada alikuwa kisimani na mitungi miwili. Alirudi akakuta watu wako mstarini, hajui hata kosa ni gani, akaona nyuso zetu, akasema ni yeye. Aliyeila namjua. Yeye alikuwa wa sita kukiri.

Kuna kisa kingine ambacho ukumbini sikukigusa kabisa. Desemba 2016 tulisafiri wote kwenda kwa babu kwa Krismasi. Watoto kumi hawaingii kwenye matatu kama watu, huingia kama mizigo: huyu kwenye paja, yule kati ya magoti. Gari likasimama Kamukuywa kushusha abiria. Nikashuka nami, maana niliona mwanamke anachoma mahindi, na nilikuwa na shilingi kumi yangu mwenyewe. Nilipogeuka, gari limekwenda. Nilikuwa na miaka minane. Nililia huku nikila, nasema ukweli.

Huku nyuma, au niseme huko mbele, baba alitushusha Webuye tubadilishe gari, akahesabu vichwa kama kawaida yake. Kumi. Akamshukuru Mungu akaanza kupakia. Kumbe kichwa cha kumi kilikuwa cha mtoto wa abiria mwingine, aliyekuwa ameshika sketi ya mama akimngoja wake anunue soda. Dada hakuhesabu. Alipeleka macho mara moja akasema, "Namba saba hayupo." Kabla baba hajamaliza kubishana naye, alikwisha panda matatu ya kurudi. Alinikuta nimekaa kwenye gunia la yule mama wa mahindi. Hakunipiga. Aliniuliza kama nimembakishia.

Ninalokumbuka zaidi ni lile la kuhesabu. Baba ni mzazi mwema na nampenda, lakini alijua idadi yetu. Aliyejua nyuso zetu alikuwa Dada.

Aliwezaje? Kwa sababu alikuwa nyumbani. Mwaka 2013 alikuwa kidato cha pili. Mama alijifungua namba tisa akaugua sana, akalala miezi minne, mara hospitalini mara nyumbani. Dada akaitwa arudi "kwa muhula mmoja tu" amsaidie. Muhula huo, wenzangu, haujaisha hadi leo. Mama alipopona ilikuwa masika, mahindi yanapandwa. Baada ya kupanda kukawa na karo ya namba mbili. Halafu akazaliwa namba kumi. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alisimama nyumbani kwetu akatangaza, "Huyu hatasoma tena." Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ingekuwa rahisi. Siku zilipita tu, na sare yake ikapunguzwa ikavaliwa na namba nne.

Aliamka saa kumi na moja kuwasha moto wa uji. Alitufunga mgongoni kwa leso mmoja baada ya mwingine, alitusomesha aya za kukariri za shule ya Jumapili, alijua nani anakohoa na nani anajikojolea na anaona haya. Aliolewa mwaka 2019 upande wa Chwele, na sasa anauza mitumba sokoni. Ana watoto wawili. Siku moja aliniambia kwa mzaha, "Nimezaa wawili, lakini nimelea wengi." Nilicheka. Nilipofika kitandani kicheko kiliisha. Mwaka 2023 nilipoitwa kidato cha kwanza, sanduku langu, godoro na viatu vilitoka kwenye meza yake ya mitumba. Godoro lenyewe bado nalilalia, katika bweni ambalo wenzangu wengi mmenitembelea.

Basi nataka kuwauliza ninyi mliopiga makofi, nami nikiwa wa kwanza kuulizwa: tukisema mkono mmoja haulei mwana, ile mikono mingine ilikuwa wapi? Kanisani kwetu hutolewa shukrani kila Desemba. Baba husimama akamshukuru Mungu kwa kuwapa watoto kumi na wote wako salama. Mama husimama. Mwaka jana namba mbili, ambaye sasa ni mwalimu, alisimama akawashukuru wazazi kwa kujinyima ili asome. Dada alikuwa kiti cha nyuma, anamtuliza mtoto asilie. Hakuna aliyemtaja. Mimi pia nilikuwapo, na nina mdomo.

Wapinzani wetu wasifurahi mapema. Sisemi familia kubwa ni mzigo. Mzigo ni pale ambapo baraka ya wote inabebwa na mgongo mmoja, na mgongo huo karibu kila mara ni wa msichana wa kwanza. Waulizeni wasichana walio vifungua mimba hapa hapa shuleni, wanafua nguo za nani likizo ikifika na vitabu vyao hufunguliwa saa ngapi. Nimewauliza watatu. Mmoja alinijibu kwamba yeye hupumzika shule zikifunguliwa.

Likizo ya Aprili nilithubutu kulizungumza na baba, tukiwa shambani sisi wawili. Nilidhani atakasirika. Aliegemea jembe akanyamaza sana, kisha akasema, "Mwanangu, mama yako yuko kitandani, mtoto mchanga analia, wengine mnataka kula, mahindi yako shambani. Wewe ungemtoa nani shule?"

Nikasema, "Namba mbili na namba tatu, baba. Kwa zamu na Dada. Wiki hii mmoja, wiki ijayo mwingine."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe anaweza kupanda mti. "Mvulana abebe mtoto mgongoni?"

Sikumjibu, nilishika adabu yangu. Lakini ninyi niwajibu: naam, abebe. Miezi minne ingegawanywa kwa watatu, na kila mmoja angepoteza wiki chache za masomo badala ya mmoja kupoteza yote. Baba hakukataa shauri hilo mwaka ule. Halikumjia kichwani, na wala hakuna mwingine ambaye lilimjia, hata Dada mwenyewe. Nadhani hapo ndipo ubaya ulipo.

Sasa nataka deni lilipwe. Dada alifanya KCPE mwaka 2011 na alama zake zilizidi zangu, niseme tu ukweli. Mtu anaweza kujiandikisha akafanya KCSE akiwa mtahiniwa wa kibinafsi. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya mtihani huo mwaka 2027, kwa hiyo hatuna muda wa kukaa vikao vya familia mpaka chai ipoe. Tulio wengi tugawane: namba mbili ana mshahara, namba tatu ana bodaboda, namba nne anashona. Namba mbili alisema Dada ameolewa na sasa ni jukumu la shemeji. Nikamuuliza kama sare aliyovaa kidato cha kwanza ilinunuliwa na shemeji. Hatukusemezana siku mbili. Siku ya tatu alinipigia simu akauliza vitabu vya kidato cha tatu ni bei gani.

Dada mwenyewe alipoambiwa alicheka. "We mtoto, mimi niketi na kalamu? Na hawa wangu nitamwachia nani?" Mama, kwa nia njema kabisa, akadakia kwamba namba tisa anaweza kwenda Chwele kukaa na watoto. Namba tisa ni msichana. Ndiye yule aliyezaliwa 2013, yuko gredi ya nane. Nilihisi mwili wote umekufa ganzi. Nikasema, "La, mama. Huyo abaki na masomo yake." Wote wakanigeukia: nani basi?

Nitamaliza mtihani wangu Novemba, na baada ya hapo ni miezi ya kukaa nyumbani kungoja chuo. Nimemwambia Dada nitakuja Chwele nikae na watoto wakati yeye anasoma. Kupika uji najua. Kufua nepi nitajifunza. Tatizo ni leso: nimejaribu mara tatu na mtoto wa jirani, kila mara anateleza anafika kiunoni. Dada alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Akaniambia nije, ila nije na godoro langu.