Mnakusanya Mastaa Halafu Mnawakalisha Benchi!

Wadau, hapa hatutaji majina, wenyewe wanajijua. Kuna timu ya kikapu ya wadada hapa mjini, kila usajili ukifunguliwa inabeba tu. Ikiona binti wa chuo kawasha moto pale Don Bosco Upanga, wiki ijayo keshasaini. Kaahidiwa raba na nauli. Halafu? Anavaa jezi, anakaa, anapiga makofi.

Eti kikosi kipana. Kipana cha nini? Karatasi ya mechi inabeba wachezaji 12, uwanjani wanaingia 5, robo moja dakika 10 tu. Na kule alikotoka sasa wanafika sita! Faulo tano, mtu nje. Wakitoka wawili wanamalizia wanne. Hiyo nayo mechi?

Na msitutajie Marekani. Kule tangu 2024 mwanafunzi anahama chuo hata mara ya pili bila kukaa nje msimu, mradi masomo yako sawa. Ila wengi wanahama wakatafute dakika za kucheza! Nyie mnampa mbili za mwisho, mechi ishaisha zamani.

Na wewe mdogo wangu, kabla hujasaini uliza: nitacheza dakika ngapi? Raba mbona zimejaa Mchikichini.