Kisia Kwanza, Ndipo Utazame



Likizo ya Agosti imewadia, na madaftari ya sayansi yamerudi nyumbani pamoja na wenyewe. Tangu mtaala wa umilisi uanze kufunzwa nchini mwaka 2019, kina mama wengi wamejikuta wakikata maboksi, wakiotesha maharagwe kwenye pamba na kupiga picha za kumpelekea mwalimu kwa simu. Malalamiko juu ya gharama na uchovu tumeyasikia, nayo yana haki yake. Leo twataka kuzungumzia jambo ambalo halilalamikiwi na mtu, nalo ni kifutio, au raba kama watoto wasemavyo.

Katika daftari la majaribio huwa pana sehemu mbili: ya kwanza ni ya kile mtoto anachotarajia kitokee, ya pili ni ya kile kilichotokea. Mara nyingi mtoto huandika ya kwanza, akafanya jaribio, akaona mambo yamekwenda kinyume, kisha akashika raba na kuyarekebisha matarajio yake yalingane na matokeo. Wengine hufanya jambo baya zaidi: huyaacha matarajio yalivyo na kubadilisha walichokiona, kwa kuwa kitabu kimesema hivyo, au kwa kuwa mama aliyesimama kando amekunja uso. Na wakati mwingine mkono ulioshika raba ni wa mama mwenyewe, anayetaka ukurasa upendeze. Mtoto huyo hakupata sayansi hata chembe. Alichofunzwa ni kwamba jicho lake likishuhudia jambo lisilotakiwa, ushahidi huo waweza kugeuzwa. Nasi Waislamu twajua uzito wa ushahidi.

Wapo dada zetu ambao neno lenyewe, kutabiri, huwatia wasiwasi. Huuliza: je, huku si kumzoesha mtoto kupiga ramli? Wasiwasi huo twauheshimu, kwani ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini mpiga ramli hudai kujua, wala hapendi kuulizwa baadaye maneno yake yaliishia wapi. Mtoto husema "nadhani", akatoa na sababu, kisha akaliweka neno lake mahali ambapo kila mtu ataona likianguka. Sisi twapendelea kukuita kukisia. Mpishi anayekadiria mchele wa pilau ya watu mia hapigi ramli, wala baharia anayetazama mawingu kabla ya kutweka tanga.

Jaribio tunalolipendekeza likizo hii halihitaji kununua kitu. Chukueni fito iliyonyooka, muisimike uani mahali tambarare hadi zibaki sentimita 100 juu ya ardhi. Ipimwe wima wake kwa timazi, yaani uzi wenye jiwe. Tayarisheni kokoto, saa, na utepe wa fundi cherehani. Jua lenyewe lisitazamwe kwa macho. Kazi yote ni ya kivuli.

Kabla ya kutoka nje, mtoto aulizwe mambo mawili: kivuli cha fito kitakuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi, na kitaelekea wapi? Aandike kwa wino, si kwa penseli. Wengi watasema saa sita kamili, na baadhi wataongeza kuwa hakutakuwa na kivuli hata kidogo kwa sababu jua litakuwa utosini. Mwachieni. Mama asiseme ndiyo wala la, na uso wake usiseme pia. Kisha, tangu saa sita kasorobo hadi saa saba kasorobo, mtoto aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano na kuandika urefu wake.

Saa sita itafika, na kivuli kitakuwa kingali kinapungua. Hapa Mombasa, katikati ya Agosti, hufikia ufupi wake mnamo saa sita na dakika 26, kikiwa na urefu wa sentimita 30 na ushei. Tofauti na kile cha saa sita kamili ni sentimita mbili hivi, kwa hiyo anayepima kwa haraka hataiona. Sababu yake ni kwamba saa zetu za ukutani hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, hali Mombasa iko kwenye nyuzi 39 na robo tatu hivi. Jua hutufikia sisi baadaye, kwa wastani wa dakika 21. Tena mwendo wake haulingani mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba hufika kilele chake kwetu mnamo saa sita na dakika 5, na katikati ya Februari mnamo saa sita na dakika 35. Ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani huisogeza adhuhuri kwa sababu hiyo hiyo, na ni wachache kati yetu waliopata kuuliza kwa nini.

Upande wa kivuli nao utawashangaza. Mombasa na Makka ziko karibu katika longitudo moja, hivyo kibla chetu ni kaskazini hasa. Mwezi huu jua la adhuhuri liko upande huo wa kibla, na kivuli huanguka kusini. Mwishoni mwa Disemba kitageuka kielekee kibla, chenye sentimita 35 hivi. Sura ya Furqan, aya ya 45, inataja kivuli na jua kuwa dalili yake; mtoto asomewe aya hiyo akiwa ameketi kando ya fito, kokoto zikiwa mbele yake.

Huenda ndugu wawili wakapima kivuli kimoja, huyu akapata 31 na yule 34. Msiwapatanishe kwa kuandika 32. Yaandikwe yote mawili, kisha itafutwe sababu: pengine fito imeinama, au utepe ulianzia pembeni.

Jioni mtoto akisie tena, safari hii kwa hesabu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, alasiri huingia kivuli kinapofikia urefu wa kitu chenyewe pamoja na kile kivuli cha adhuhuri. Kama cha adhuhuri kilikuwa 32, basi achore duara la sentimita 132 kuizunguka fito, aandike kivuli kitaligusa saa ngapi, na akae akisubiri adhana.

Wenye watoto wakubwa wanaweza kuongeza jaribio la usiku, hasa stima zikipotea. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la mahali penye giza, akaziziba moja moja na kutazama ni doa lipi la mwanga litakalotoweka. Hakutosheka kusikia kuwa mwanga huenda kwa mstari ulionyooka. Nyumbani mishumaa mitatu yatosha, mtu mzima akiwapo: mbele yake boksi pana lenye tundu la unene wa penseli, na nyuma ya boksi ukuta. Ukiuziba mshumaa wa kushoto, litazimika doa gani? Watu wazima nao waandike, kwani wengi wetu tutajibu la kushoto, na litakalozimika ni la kulia.

Fito ising'olewe shule zikifunguliwa. Mnamo tarehe 3 Oktoba, yapata saa sita na dakika 10, jua litapita juu ya Mombasa hasa, na yule aliyeandika kuwa hakutakuwa na kivuli ataona kweli hakipo. Lamu iko kaskazini yetu. Wenye jamaa huko wawapigie simu wasimike fito yao, na kila nyumba iandike kwa wino, kabla Septemba haijaisha, nani atakosa kivuli mwanzo: wao au sisi, na kwa siku ngapi.