Staa, Pima Betri Kwanza Kabla Hujamuita Fundi Tapeli!

Wadau, kuna klipu inazunguka mitandaoni wiki hii. Mpiga gitaa mmoja wa bendi inayojaza watu kila wikiendi hapa Dar kaonyesha pedali yake ya kutengenezewa mtaani, kapiga noti mbili zikakwaruza kama redio iliyonyeshewa, kisha akamwaga sumu: fundi tapeli, vitu vya kuungaunga, nunueni vya dukani. Maoni yakawa mvua ya mawe. Dogo wa Kariakoo aliyeitengeneza hakutajwa jina, lakini wanamuziki wanamjua, na wateja wawili wakaghairi kazi zao siku hiyo hiyo.

Sasa ukweli mchungu: pedali haikuwa na kosa.

Ni pedali ya kuongeza nguvu ya sauti tu, ile ya kutoa gitaa kubwa na safi wakati wa solo. Inatumia betri ya volti 9. Kwenye pedali nyingi za namna hii, tundu la kuchomekea waya wa gitaa ndilo swichi yenyewe: waya ukiwa ndani, betri inaliwa, hata kama hakuna anayepiga. Wenzake wa bendi wanasema staa aliacha waya umechomekwa na taa inawaka tangu mazoezi ya Jumanne hadi shoo ya Jumamosi. Betri ilipokuja kupimwa, ilikuwa imebaki na volti 6 na kidogo!

Hapo hata pedali ya bei mbaya ingekwaruza. Sauti ya gitaa ndani ya saketi ni wimbi linalopanda na kushuka, na volti za betri ndizo dari na sakafu yake. Dari ikishuka, wimbi linagonga, vichwa vyake vinakatwa, na sikio linasikia mkwaruzo. Jumlisha gitaa lenye pikapu kali, na kitufe cha sauti alichokizungusha hadi mwisho. Alitegemea nini?

Mtu makini angelijua hili kwa dakika 10. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Kama bado linakwaruza, pedali haihusiki. Likiwa safi, weka betri mpya. Bado? Punguza sauti kwenye gitaa lenyewe. Mkwaruzo ukiisha, ujue unaipa pedali mzigo kuliko uwezo wake.

Ni baada ya hapo ndipo fundi anaitwa. Naye ana njia zake: anapima kama saketi imekaa katikati ya umeme wake, yaani karibu volti 4.5 kwa betri ya 9. Ikiegemea upande mmoja, wimbi linakatwa mapema upande huo. Kisha anachukua waya wenye kapasita, anauunga kwenye amplifaya, anaigusa saketi hatua kwa hatua kutoka sauti inapoingia hadi inapotokea. Pale uchafu unapoanzia ndipo penye ugonjwa. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, haifanywi kwa hasira mbele ya kamera.

Na timu staa msilete hoja ya "mkwaruzo ndio swaga". Ni kweli, kule Nashville kifaa cha studio kilizingua wakati Grady Martin akipiga solo kwenye "Don't Worry" ya Marty Robbins, mkwaruzo ukaachwa, na mwaka 1962 ikatoka pedali ya Maestro Fuzz-Tone kuuiga. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks akachana spika kwa wembe makusudi. Lakini wale waliusikia, wakaupenda, wakauchagua. Gitaa la dansi na rumba linataka kila noti isikike imesimama peke yake. Ukitaka safi ukapata chafu, hiyo ni hitilafu, na hitilafu inatafutwa chanzo, haitafutiwi mtu wa kumbebesha.

Dogo naye ana lake. Alikabidhi mzigo bila kuujaribu na gitaa la mteja mwenyewe, na hakumwambia achomoe waya akimaliza. Ni uzembe wa maelezo, arekebishe. Ila utapeli? Hapana.

Tunalia kila siku kwamba vifaa vya muziki ni ghali, halafu kijana akijifunza kuvitengeneza tunamzika kwa klipu ya sekunde 20. Staa ana mashabiki kibao. Dogo ana meza moja, chuma cha kulehemu na jina lake. Jina likichafuka, meza inafungwa.

Kuifuta klipu kimya kimya haitoshi. Alimchafua hadharani, amsafishe hadharani. Wadau, mnasemaje?